Mwaka wa Kumpasha Moto Direkteri

Tulipomzika Tantine Noella mwezi uliopita, wanawake wa mtaa walifanya kile wanachofanya siku zote: kabla maiti haijafika kutoka hospitali, waliitoa sebule nzima nje. Viti, meza, televisheni ambayo haikuwaka tangu zamani, picha ya harusi, vyote vikapangwa uani, na mikeka ikatandikwa juu ya saruji ili watu wa matanga wapate pa kukaa. Mimi sikubeba kitu. Magoti yangu siku hizi hayanitii, tena nimechoka na matanga. Kwa umri wangu mtu anatoka kwenye moja anaingia kwenye jingine, na maharagwe ni yaleyale. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakiburuta kabati la nguo lililokuwa limeegemea ukuta wa upande wa jikoni, na nyuma yake nikauona ule mraba. Ukuta wote ulishapakwa rangi nyeupe mara nyingi, lakini nyuma ya kabati hakuna fundi aliyejisumbua kufika, na pale rangi ilikuwa bado kijani cha zamani, na chini yake weusi wa unyevu ulioingia ndani kabisa ya plasta. Hakuna aliyeuliza ule weusi ni wa nini. Nikajiambia kwamba Noella ameshakwenda, na aliyebaki akijua ni mimi peke yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, ninaanza masomo ya ualimu. Nilivyofika kwenye nyumba ile ya mtaa wa Nyalukemba, Bukavu, si hadithi. Mimi nilihitaji pa kulala karibu na shule, na wao walihitaji mikono. Mumewe Tantine, Tonton Deo, alikuwa agronomu, bwana shamba, kwenye mashamba ya miwa kule chini, katika bonde la Ruzizi, ambako joto linamfanya mtu alale bila shuka. Siku moja wafanyakazi wake walikuwa wakichoma miwa ili waivune, wakakuta mayai ya chatu yanapasuka, wakayapiga majembe yote. Kitoto kimoja kikaponea kwenye buti la Tonton. Akakileta Bukavu ndani ya kopo la maziwa, akakipa jina la Direkteri, yaani mkurugenzi, kwa sababu, alisema, hafanyi kazi yoyote na watu wote wa nyumba wanamfanyia. Kichekesho hicho kilikuwa chake, mimi nilisimuliwa tu, maana nilipofika mimi Tonton alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukafungwa, na kilichobaki ni macho na mkono wa kushoto. Walikuwa wamemlaza sebuleni juu ya kitanda kirefu, akitazamana na vitrini.

Vitrini ni kabati la vioo ambalo kwetu kila bibi arusi anataka awe nalo sebuleni, apange sahani zisizoliwa. Ile ilikuwa ya Tantine, ya harusi yake, na sahani zake zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, zimefungwa magazeti, kwa sababu Tonton alimpa Direkteri vitrini hiyo wakati bado ana sauti ya kuamuru. Alimwita seremala akaweka ubao wa pili nyuma na pembeni, katikati wakajaza maranda ili joto lisikimbie. Chini kabisa, palipokuwa na droo ya vijiko, paliingia bidon, dumu dogo la maji moto. Umeme ulipokuwepo, taa iliwaka ndani ya kopo lililotobolewa matundu, upande wa kulia, na upande wa kushoto paliachwa pabaridi kidogo ili mnyama mwenyewe achague. Kipimajoto kilining'inia katikati. Kioo kilifunikwa mchana na usiku kwa kitambaa kilichofumwa maua, isipokuwa upande ulioelekea kitanda, ambao nao ulifunikwa hodi ikipigwa, na mgeni yeyote aliyeingia aliona vitrini ya mke wa mtu na kujiuliza tu kwa nini nyumba ina harufu ya udongo uliolowa.

Tatizo ni kwamba Bukavu si Ruzizi. Huku juu mvua inanyesha zaidi ya nusu ya mwaka, upepo wa ziwa unapita chini ya mlango, na umeme ulikuja kama mgeni asiyependa watoto, akikaa kidogo na kuondoka bila kuaga. Umeme ukikatika, chatu anapoa polepole, anaacha kula, halafu anaanza kupumua kwa mluzi na mapovu puani, na hapo ni kumchimbia shimo. Mbabula, lile jiko la makaa ambayo sisi tunaita makala, haikuruhusiwa kuingia ndani. Moshi wake usioonekana uliwahi kuua familia nzima mtaa wa pili, wamelala vizuri tu. Kwa hiyo tuliishi kwa bidon. Maharagwe yaliwekwa motoni tangu saa nane, na maharagwe ya kwetu hayana haraka, kwa hiyo moto uleule uliotulisha ulichemsha maji ya Direkteri. Chungu cha maharagwe kikishuka, sufuria ya maji inapanda. Bugali ikisongwa, bidon ya asubuhi inamwagwa na nyingine inajazwa. Hatukula wali mwaka ule, kwa sababu wali unaiva upesi na makala yanabaki yakiwaka bure.

Tantine alikuwa akiliuliza swali lake bila kugeuka, akiwa anachambua mboga ya lenga-lenga kwenye kibaraza cha jikoni.

“Mapendo, ile maji iko aje?”

“Iko moto, Tantine.”

“Moto ya kuoga ao moto ya chai?”

“Ya kuoga.”

“Basi ongeza ya chai kidogo. Na usisahau kufunga bidon na kitambaa, usimuchome.”

Yeye mwenyewe hakuwa amemgusa nyoka yule hata mara moja. Alimwogopa hadi kwenye mifupa. Aliyekuwa akifungua mlango wa kioo ni mimi, na panya aliyenaswa na mtego, Tantine alimwacha kwenye sahani ya bati kizingitini kisha akaenda zake hadi Direkteri amalize. Alimtunza jinsi mke anavyomwekea chakula mume waliyenuniana naye, bila kukosa na bila kumtazama. Siku moja nilichoka. Nilikuwa na mtihani, makala yalikuwa yameloa, macho yangu yalikuwa mekundu kwa kupuliza, nikamwambia Tantine kwamba watu wanapasha moto watoto wao, wanapasha moto wazee wao, lakini sisi tunapasha moto kitu ambacho hata salamu hakijui. Hakukasirika. Aliniongoza kwa kidevu hadi mlango wa sebule, nikamwona Tonton. Direkteri alikuwa amejinyoosha kwenye joto la kulia, na macho ya Tonton yalikuwa yakimfuata polepole, kutoka kichwani hadi mkiani, kisha yanarudi.

“Ikikufa hii kitu,” Tantine akaninong'oneza, “ataangalia nini? Ukuta?”

Sikuuliza tena. Tonton naye alikuwa na njia yake ya kutusimamia. Kidole kimoja kikiinuka, tujue ni joto limepungua. Kiganja kikifunguka chote, ni maji. Alisoma hali ya hewa ya ndani kwenye kioo: asubuhi ukungu ulitakiwa ufike upana wa kidole kutoka chini, ukipanda hadi katikati tufungue tundu la juu, kwa sababu unyevu ukizidi magamba ya tumbo yanaoza, ukikosekana kabisa, tulowanishe nyuzi za migomba tulizotandika. Mtu ambaye hakuweza kushika kijiko alikuwa bado na nyumba ya kuongoza, na Tantine alitii kila kidole. Nimeona ndoa nyingi tangu hapo, yangu ikiwemo, na sijaona tena mwanamke akimtii mumewe kwa hiari namna ile, wala mume akistahili.

Majirani, bila shaka, walikuwa na masikio. Nyumba ya kushoto ilikuwa ya Maman Sifa, kiongozi wa wanawake wa kanisa katika mtaa wetu, mwanamke mnene mwenye sauti iliyopita ukuta bila kubisha hodi. Nikiwa nafua, nilimsikia upande wa pili akiwaambia wenzake: “Nyumba ya batu batatu, lakini makala banachoma ni ya arusi.” Mwingine akasema labda tunapika kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kuiuza kwa siri. “Wapi,” Maman Sifa akajibu, “kasiksi iko na harufu yake. Pale kunanuka shimo.” Nilimpelekea Tantine maneno hayo. Akafunga dirisha la upande ule, na tangu siku ile dirisha halikufunguliwa tena. Alijua vizuri watu wanasema nini juu ya nyumba inayofuga nyoka. Kwetu nyoka wa ndani hafugwi bure; wanasema ana kazi, anatema pesa, na kila mwaka anadai mtu. Na ndani ya nyumba ile tayari alikuwepo mtu aliyelala bila kusema, na nduguye mkubwa, Papa Mugisho, kila akipanda kutoka Mumosho kumtazama alikuwa akikaa kitini, anakuna ndevu, na kusema kwamba mtu hapigwi hivihivi katikati ya umri wake.

Kiangazi kilipofika tulifanya kosa. Asubuhi za kiangazi cha Bukavu ni za baridi kavu, vumbi jekundu linakaa juu ya kila jani, na sisi tulipoona kipimajoto kinashuka tulizidisha moto tu. Bidon mbili badala ya moja, na umeme ukirudi, taa nayo. Tukasahau maji. Kioo kikawa kikavu, macho ya Direkteri yakapata rangi ya maji yaliyomwagikiwa maziwa, dalili kwamba anataka kujivua ngozi, lakini ngozi ikatoka kwa vipande, na juu ya jicho moja ikabaki gamba kavu. Akawa haoni upande ule. Kiganja cha Tonton kilikuwa kimefunguka siku zote hizo, na sisi tulidhani anapunga nzi. Tulipoelewa, yeye mwenyewe alikuwa anakataa uji. Tantine alichana kitenge chake cha zamani, akakilowesha maji ya vuguvugu, akakisokota ndani ya chungu kilichovunjika mdomo pamoja na nyuzi za migomba, akaniambia nikiweke juu ya droo ya bidon. Joto kutoka chini likapandisha mvuke, Direkteri akajikunja humo akabaki, na baada ya siku chache lile gamba likabaki kwenye kitambaa. Tonton alikula uji wote. Tantine alilia, akasema ni moshi.

Tonton alikufa kabla mvua hazijaanza, mchana, maharagwe yakiwa motoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka na kidole kimoja kimeinuka, nami nikakimbilia bidon, nikidhani ni amri. Niliporudi Tantine alikuwa amepiga magoti, anaikanda miguu yake, anasugua kwa nguvu zote jinsi tunavyowasugua watoto waliotoka mtoni, anasema, “Iko baridi, Mapendo, leta moto, iko baridi.” Nilileta. Nilimwekea ile bidon miguuni, nikijua kwamba haisaidii kitu.

Nilipata tu kushusha kitambaa mbele ya kioo, wanawake wakaingia kabla hatujafunga mlango. Mimi nilitumwa kanisani kuazima mikeka, na niliporudi nayo kichwani sebule ilikuwa tupu. Vitrini ilikuwa uani, katikati ya viti, imetazama upepo wa ziwa, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Papa Mugisho alikuwa amefika na wazee wa Mumosho, wamekaa karibu nayo kiasi cha kuigusa, naye anawaambia: “Ndugu yangu hakufa bure. Kuko kitu mu hii nyumba. Tutakiona tu.” Na Maman Sifa, aliyekuwa amesimamia kazi yote, alikuwa ameshika mpini wa mlango wa kioo.

“Mapendo, ufunguo ya hii vitrini iko wapi? Batu banakuja, sahani hazitoshe.”

Nilisema nitauliza. Tantine alikuwa ameshakalishwa kwenye mkeka wa mjane, kichwa kimefungwa, miguu imenyooshwa, na kwa desturi hakutakiwa kunyanyuka wala kugusa kazi yoyote hadi mazishi. Niliinama nikamwambia sikioni. Akajibu kwa sauti ya kusikika na wote: “Ile haina sahani. Sahani ziko chini ya kitanda. Mule muko bintu ya Deo, babiache.” Kisha akanivuta shingo kama anayenikumbatia kwa kilio, na kwa sauti nyingine akasema, “Muweke mu foronya. Umulete hapa.”

“Hapa wapi, Tantine?”

“Kwangu. Nilimupasha moto mwaka muzima. Siwezi zika bawili.”

Nilisubiri wazee waitwe kusali, nikafungua vitrini kwa ufunguo niliokuwa nao kiunoni. Direkteri alikuwa mzito na mlegevu, urefu wake ukizidi mkono wangu, na baridi yake ilinipita viganjani. Nilimwingiza kwenye foronya, nikafunga fundo, nikavuka uani nikiwa nimemkumbatia kama mto wa kulalia. Tantine aliinua blanketi, akafumba macho, nikamweka tumboni pake. Niliuona mwili wake wote ukikakamaa, meno yakiuma mdomo. Baadaye mabega yakashuka. Akajifunika hadi kidevuni na hakutikisika tena.

Watu wa mtaa huu bado wanazungumzia jinsi Noella alivyoomboleza. Kwamba hakula, hakuzungumza, hakukubali kuguswa, kwamba alitetemeka tu chini ya blanketi na kuomba kitambaa cha kufutia machozi, kikavu kinarudi, chenye maji kinaenda. Ni mimi niliyekuwa naleta vile vitambaa, vimelowa maji ya vuguvugu, na vyote viliingia chini ya blanketi kwenye foronya. Nilileta pia chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, nikisema ni ya miguu ya mjane. Maman Sifa alikuwa ameketi ubavuni pake muda wote, kama ukuta, akiimba, na tulimchukia. Mwanamke akija kumkumbatia Tantine, yeye ndiye anapokea kumbatio. Papa Mugisho alipotaka kumwinua ili amuulize maneno, alimjibu kwamba mjane haulizwi akiwa mkekani, hata kule Mumosho wanajua hivyo. Siku ya makaburi Tantine alimfunga Direkteri kiunoni, chini ya vitenge viwili, na Maman Sifa akamshika kiuno chote kwa mkono wake mnene, njia nzima, kupanda na kushuka. Wengine wakitaka kumpokea alikataa. “Muache. Mimi ndo namushika.” Tantine alitembea akitokwa na jasho la hofu, na watu wakasema ni upendo.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulipanda gari la kushuka bondeni, mimi na yeye, na kikapu kilichofunikwa mboga. Kwenye matete karibu na mto, palipo na joto la kumfanya mtu avue sweta, Tantine mwenyewe alimtoa kwa mikono yake. Hakuwa anaogopa tena. Direkteri hakuaga, kama ilivyo desturi ya wakubwa. Tulirudi na kikapu kitupu, vitrini ikauzwa kwa sababu ilikuwa na harufu isiyotoka, kabati la nguo likachukua nafasi yake, na nyumba ikawa ya baridi kama nyumba zote. Mimi nilihamia kwingine mwaka uliofuata. Dirisha la upande wa Maman Sifa lilibaki limefungwa. Kila nilipokuja kumsalimia, Tantine alinikumbusha nisiseme neno mbele ya jirani, yule mwenye mdomo, na alizeeka hivyo, akipita uani mwake mwenyewe kwa tahadhari.

Basi mwezi uliopita, sebule ikiwa tupu, walimleta Maman Sifa akiwa ameshikwa mikono yote miwili. Amekonda, ile sauti imeisha. Wakamkalisha mkekani karibu nami, akawa anautazama ule mraba wa kijani ukutani.

“Ni pale vitrini ilikuwaka,” akasema.

Nikaunyoosha mkeka chini ya miguu yake.

“Nilishikaka upande wa kuume, siku ya kuitosha inje. Nikasikia uzito inatoka kwangu inaenda upande ingine. Mapendo, sahani haitembeake.”

Nikamwuliza kwa nini basi aliomba ufunguo mbele ya watu wote.

“Ju Papa Mugisho alikuwa anauangalia ule mulango. Nikasema ufunguo niuombe mimi, nikatazwe mimi. Mutu mukubwa akikatazwa mbele ya batu, mwingine haombi tena.”

“Na njia ya makaburi?”

“Alikuwa anatembea mu mukono yangu njia yote.” Akaangalia kiganja chake. “Niliogopa mupaka nikasahau nyimbo.”

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia Noella, miaka yote hii, ukuta mmoja. Akasema alibisha hodi mara nyingi na dirisha lilikuwa limefungwa, na mtu aliyefunga dirisha ana sababu yake. Hapo ndipo nililia, mimi niliyeapa kwamba nimemaliza machozi ya matanga. Sikumlilia Tantine kwa kufa, wote tunakufa. Nilimlilia kwa ule uchovu wa kujificha mpaka uzeeni mbele ya mwanamke aliyekuwa amemfunika. Angejua, angefungua dirisha, wangekunywa chai.

Maman Sifa aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jamaa wa mbali, kama yule nyoka alikufaka.

“Hapana, Maman. Tulimurudisha Ruzizi, kwenye joto.”

“Aa,” akasema, akavuta kitenge mabegani. “Mulifanya vizuri. Huku kwetu iko baridi sana.”

Nikanyanyuka, magoti na yote, nikaenda jikoni kumtafutia bidon ya maji moto.